Miguu Miwili ya Bibi

Mtaa wa Kumi na Nne, nyumba ya chini,
Buffalo, New York.
16 Februari 2015

Mpendwa Shangazi Elisabeth,

Leo ni Jumatatu, tarehe kumi na sita Februari, shule zimefungwa wiki nzima, na nimejiapiza kukueleza yote bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Najua habari za miguu ya Bibi zimekwisha kukufikia kwa simu. Bibi amekupa zake, Mama amekupa zake, na Baba amekuambia tu kwamba tuko salama, neno ambalo angelisema hata paa likiwa limeng'oka. Mimi sikuweza kusema kwa simu, kwa sababu simu ya nyumba hii huwekwa mezani kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie, na Bibi hukaa karibu nayo kuliko wote.

Lakini salamu kwanza. Hujambo, Shangazi? Mgongo unaendeleaje tangu walipokuhamishia upande wa kufunga masanduku? Kikohozi cha Karoli kimekwisha, au bado anakitumia kukwepa shule? Mumeo, Baba Marcellin, hajambo? Tunawaombea kila jioni kwa majina, na Bibi huongeza ombi la pekee kwa ajili ya magurudumu ya gari lenu, maana alisikia kwamba hata huko Columbus barabara ya Morse imekuwa kioo.

Sisi hatujambo. Yonasi ameanza kujigeuza mwenyewe, na akishajigeuza anatutazama kama anayetudai makofi. Mama amepata nguvu. Baba anakusalimu sana. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba barua njema haitoi habari kabla ya salamu, kama vile mgeni haanzi kula kabla ya kunawa. Unamjua kaka yako. Alifundisha darasa la nne kule kambini Mtabila, na mpaka leo sisi ndio darasa la nne. Amekagua anwani na tarehe, akatia mkato mmoja, na ameahidi kwamba kuanzia hapo kwenda chini hatasoma.

Sasa habari. Baridi ya huku si ile tuliyoizoea Louisville. Ile ilikuwa inabisha hodi. Hii inaingia, inakaa, na kuuliza chakula kiko wapi. Ziwa limeganda. Nikisubiri basi la shule, upepo unanipiga mpaka nikicheka mashavu yanauma, kwa hiyo kwa muda mrefu nilikuwa nacheka kwa ndani. Ukikimbilia nyumbani unaikuta hita, nayo haikuachii hata tone moja la unyevu. Nguo tukizianika sebuleni jioni, asubuhi zinaweza kusimama zenyewe. Ngozi zetu nazo zilikuwa karibu kusimama zenyewe.

Aliyeumia kuliko wote ni Bibi. Unakumbuka alikuja mwezi wa kumi kutoka Louisville, kwa Baba Mkubwa Leopoldi, ili amwogeshe Yonasi na kumkanda Mama. Alikuja na ngozi nzuri. Kufika Krismasi visigino vilikuwa vimepasuka hata vinanasa kwenye soksi, na miguu kuanzia goti kushuka ilikuwa nyeupe yenye nyufa, kama mihogo iliyosahauliwa juu ya paa. Alikuwa anajikuna kwa kitana.

Nitaeleza sababu yake, na nitaeleza kwa adabu, kwa kuwa huyu ni mama yako.

Bibi anaoga kama alivyooga Mtabila. Kule kulikuwa na vumbi jekundu, na mtu alijisugua mpaka maji yatoke meupe. Buffalo hakuna vumbi, kuna theluji tu, lakini Bibi hajakubali kwamba limekwisha. Kila alfajiri aliingia bafuni na sabuni ya kufulia, ile ya kipande, na dodoki, na jiwe la visigino, akafungua maji ya moto matupu, yale ambayo sisi hatuwezi kuyatia hata kidole, akaanza kulisaka vumbi la mwaka wa tisini na saba.

Mvuke ulijaa bafuni, ukatoka chini ya mlango, ukapanda mpaka kwenye kengele ya moto iliyo darini. Kengele haijui tofauti ya mvuke na moshi, kwa hiyo ililia. Hapo Tevin, kijana Mkenya anayesoma chuo na kukaa juu yetu, aliteremka ngazi amejifunga blanketi, akasimama kwenye theluji na ndara za bafuni.

"Aki Shosho, leo tena?" alilia kupitia mlangoni. "Niko na paper saa mbili!"

"Na mimi nina sabuni machoni," Bibi akamjibu kutoka ndani. "Kila mtu na mtihani wake."

Baada ya kuoga ndipo yanakuja mafuta, na hapo pia sheria ni ya Mtabila. Kule mafuta yalikuwa haba, kwa hiyo ulipaka panapoonekana na watu, mama yako asije akasemwa kwamba watoto wake wamepauka. Bibi hajaibadilisha sheria hiyo. Lakini hapa mwezi wa pili, mtu akishavaa makoti mawili na kofia na skafu na buti, panapoonekana ni pua. Basi Bibi akawa anapaka pua. Alisubiri kwanza anywe chai, ngozi ikauke kabisa, kisha akachota vaselini kwa kidole kimoja na kuimalizia yote puani. Kanisani ungemtambua kutoka mlangoni. Pua ilikuwa inang'aa kama taa ya altareni.

Siku moja mwezi wa kwanza, tukiwa mezani, akatangaza uamuzi wake.

"Ngozi hii imeikataa Buffalo," alisema. "Leopoldi akija mwisho wa Februari kumwona mtoto, naondoka naye. Siwezi kufa nikiwa na magamba. Mungu ataniuliza kama mimi ni samaki."

Baba akasema, "Ndiyo, Mama." Mama akasema atasikitika sana. Hakuna aliyembishia, kwa sababu katika nyumba hii hakuna anayembishia Bibi.

Mimi, Shangazi, uji ulinishinda. Tunalala chumba kimoja. Kabla hajaja, nilikuwa nikitoka shuleni naingia kwenye nyumba iliyolala, Baba yuko kiwandani, Mama amechoka na tumbo lake. Sasa nikifungua mlango kuna mtu anayeuliza leo nimekula na nani, na anataka majina, na kesho yake anayakumbuka. Sikutaka aende. Hilo ndilo jambo lote la barua hii.

Nikawaza hivi: kama kinachomwondoa ni ngozi, basi nitaiponya ngozi kabla Baba Mkubwa hajafika.

Msaada ulikuja bila kuitwa. Tuna jirani Mkongo, Mama Mirindi, aliyekulia Bukavu. Anafanya kazi kwenye ghala la samaki waliogandishwa, na bado uso wake ni laini kama wa Yonasi. Alikuja kumsuka Mama. Nilipokuwa namtengenezea chai, akaona kopo la njano karibu na jiko.

"Ile kopo ni ya nini?"

"Ni samli, Mama Mirindi. Shangazi alitutumia Krismasi kutoka Columbus."

Alilifungua, akanusa, akajipaka kidogo kwenye kiwiko, akashika kichwa.

"Samli! Donc mu hii nyumba munakulaka mafuta ya kupaka?"

Shangazi, niliapa kueleza yote, kwa hiyo na hili ulisikie. Yale mafuta uliyotununulia barabara ya Morse kwa ajili ya ngozi zetu, tuliyakaangia maharagwe tangu Krismasi. Kopo halikuwa na maandishi yoyote. Tulipokupigia kukushukuru kwa zawadi, ukasema, "Pakeni vizuri, msiyaonee huruma," tulidhani unazungumzia mkate. Maharagwe yalikuwa mazuri, nisiseme uongo. Bahati ni kwamba lilikuwa kopo kubwa na bado lilikuwa na nusu.

Mama Mirindi alicheka mpaka akakosea msuko, ikabidi afumue. Kisha akanikalisha.

"Bon, sikiliza, mutoto. Maji ya moto inaondoaka mafuta mu ngozi sawa vile inaondoaka mafuta mu sahani. Oga na maji ya vuguvugu, mbio-mbio. Sabuni ni kwapa na nyayo tu, kwengine achaka. Ukimaliza, usifute na nguvu, gusa-gusa tu. Na mafuta unapaka wakati ngozi ingali na maji. Ukingoja ikauke, unafunika chungu yenye haina kitu."

Nilijaribu kwanza kwangu mwenyewe, nisije nikamwua Bibi. Asubuhi niliacha kabisa sabuni usoni, nikanawa maji ya vuguvugu tu. Uso ukiwa bado na unyevu nilipaka gliserini niliyoichanganya na maji kidogo kiganjani, maana ikiwa tupu inanata, na juu yake mafuta yako kidogo sana, nikiyayeyusha kwanza kati ya viganja. Mikono nilipaka zaidi, nikavaa glavu papo hapo. Vaselini niliiweka mwisho, kwenye midomo na kuzunguka pua, wakati nimeshavaa koti na mkono uko kwenye kitasa. Mwanzoni niling'aa mno, na msichana mmoja darasani aliniuliza kama nimetoka mazoezini. Nikapunguza. Baada ya siku chache mashavu yaliacha kubanduka.

Lakini kujipaka mwenyewe ni jambo moja, na kumwambia Bibi ni jambo jingine. Nilitayarisha maneno kama Baba alivyonifundisha: salamu, radhi, kisha hoja.

"Shikamoo, Bibi. Naomba radhi kabla ya kusema. Nafikiri maji unayoogea ni ya moto mno."

Bibi aliweka kikombe chini. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, Bibi."

"Nimeoga mito ya nchi tatu. Nimemwogesha baba yako mpaka akawa mwalimu. Leo mtoto wa juzi anamfundisha bibi yake kuoga."

"Naomba radhi, Bibi."

"Na hayo mafuta unayotaka nipake, ndiyo yale ya maharagwe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mnataka kunikaanga."

Baba alikuwa amesimama dirishani ametugeuzia mgongo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani mambo yamekwisha. Ndipo Bibi aliponyoosha mguu wake wa kushoto mbele yangu, kama mtu anayetoa mbuzi wa mahari.

"Haya. Huu ni wako, na wa kulia ni wangu. Leopoldi akifika, watu watazame. Wako ukiwa mzuri kuliko wangu, nitakaa mpaka maua yatoke. Ikiwa sivyo, naondoka na miguu yangu yote miwili, na usilie."

Hivyo ndivyo shindano lilivyoanza, Shangazi. Hukusikia vibaya kwenye simu.

Kila asubuhi Bibi alikaa bafuni juu ya kigoda, beseni moja kushoto na jingine kulia. Sehemu nyingine zote za mwili alizitangaza kuwa hazina upande, akaziogesha peke yake mlango ukiwa umefungwa. Beseni langu lilikuwa na maji niliyoyapima kwa kiwiko, kama tunavyompimia Yonasi. Nilimwagia mguu kwa kikombe, nikausafisha kwa mkono bila dodoki, nikaugusa-gusa kwa kanga ya zamani iliyolainika, kisha nikapaka mafuta yako ukiwa bado unametameta kwa maji, kuanzia goti kushuka. Kisigino kilipata mafuta, halafu vaselini juu yake, halafu soksi ya pamba. Upande wa pili beseni lilikuwa linafuka, na Bibi alisugua mguu wake wa kulia kwa jiwe huku akichungulia kwangu, kama mwanamke anayechungulia chungu cha jirani.

Nyumba nzima iliingia katika jambo hili. Baba kabla ya kwenda kazini aliacha kuuliza habari za asubuhi, akauliza, "Miguu imeamkaje?" Tevin naye, kwa kuwa kengele ilikuwa imenyamaza, alisema anaunga mkono kushoto mpaka amalize shahada.

Na Jumapili moja, baada ya misa, akina mama walimzunguka Bibi kwenye jiko la ukumbi wa kanisa, akavua soksi.

"Kushoto ni mguu wa bibi harusi!" alisema mmoja.

"Na kulia ni wa yule aliyepika," akasema mwingine.

Mzee Protasi, kiongozi wa kwaya, alisogea taratibu na kofia mkononi. "Na sisi wazee tungependa kutoa maoni," alisema.

Mama Mirindi alimkingia mlangoni kwa mikono miwili. "Papa Protasi, rudia mu kwaya yako. Miguu ya mujane haiko tangazo ya kanisa."

Niliona kwamba nashinda. Nilianza hata kupanga tutakachofanya Bibi na mimi maua yakitoka. Lakini wiki iliyopita jambo la ajabu likatokea. Mguu wa kulia ukaanza kupona. Nyufa zilifunga, weupe ukaondoka, na kisigino kikawa cha binadamu. Jiwe na maji ya moto vilikuwa vile vile, nilivishuhudia kwa macho yangu. Nililichunguza beseni la Bibi. Nilimwuliza Mama Mirindi, naye akasema labda mguu mmoja unamwambukiza mwenzake afya, lakini hakuonekana kuyaamini maneno yake.

Ijumaa niliamka nikakuta kitanda cha Bibi kitupu na mlango wa bafuni umeegeshwa. Nikachungulia. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa hodhi la kuogea, kopo lako katikati ya magoti, anapaka mguu wa kulia. Ulikuwa na maji bado. Alikuwa anaugusa-gusa kwa kanga yangu, taratibu, sawasawa kabisa na ninavyofanya mimi.

"Bibi, unafanya nini?"

Wala hakushtuka. "Namfariji mwenzake."

"Lakini huo ni mguu wako! Nao ukipona, tutakuwa sare. Na tukiwa sare unaondoka."

"Najua kanuni, Agata. Ni mimi niliyezitunga."

Nikakaa juu ya kapu la nguo chafu, nikalia, ingawa alikwisha kunikataza. "Kumbe unataka kwenda," nilisema.

Bibi alifunika kopo. Akaongea kwa sauti ya chini, maana Yonasi alikuwa amelala.

"Ngozi ilikuwa sababu nzuri. Ukisema unaondoka kwa ajili ya ngozi, hakuna anayeumia. Ningesema nini? Kwamba mwanangu na mkewe wananiheshimu mno?"

Sikuelewa, na nilimwambia hivyo.

"Kule Newburg, mtaani kwetu Louisville, yuko Bisogo," alisema. "Tumejuana tangu Uvira, kule Kongo, kabla hata ya Mtabila. Kila siku anakuja, ananiita mwongo, namwita mwizi wa chumvi, tunakula. Hapa nikiingia chumbani watu wanasimama. Juzi nilimwambia baba yako kwamba theluji hii inatoka Louisville, wameifagia wakaituma huku. Unajua alisema nini? 'Ndiyo, Mama.' Tangu nifike Buffalo, mwezi wa kumi mpaka leo, hakuna hata mmoja aliyeniita mwongo."

Halafu akanielekezea kidole chenye mafuta.

"Na wewe ndiye unayenishangaza kuliko wote. Mjukuu wa kike ni nani? Ni mke mwenzangu. Babu yako, Mungu amrehemu, ni mume wetu sisi wawili. Wewe una haki ya kunitania kuliko mtu yeyote katika nyumba hii. Lakini unaniamkia kama mkuu wa kambi."

Shangazi, desturi hiyo nilikuwa nimeisikia, kama mtu anavyosikia habari za mji asioujua. Baba alinifundisha kuamkia, kupokea kwa mikono miwili, na kutomtazama mkubwa usoni. Utani hakunifundisha. Nadhani hakujua kwamba unafundishwa. Watoto wa Mtabila waliuokota tu kwa bibi zao, nje, na mimi niliondoka pale nikiwa mdogo mno.

Nikajifuta machozi, nikakusanya nguvu zangu zote.

"Shikamoo, Bibi. Samahani. Miguu yako..."

"Usiombe samahani!"

"Miguu yako, yote miwili, ni kama ya kuku."

Bibi alikunja uso.

"Kuku gani?"

"Wa dukani," nilisema. "Yule wa kwenye friji. Aliyekwisha kunyonyolewa."

Alicheka, Shangazi. Alicheka mpaka kopo likamponyoka, akashikilia pazia la bafu, pazia likang'oka. "Mke mwenzangu!" alipiga kelele. "Na wewe hicho kichwa chako, mume wetu angekiona angeomba mahari yake irudishwe!" Mama akaja mbio akidhani mtu ameanguka. Baba akasimama nyuma ya mlango.

"Agata! Umemwambia nini mama yangu?"

"Ameniita kuku!" Bibi alijibu kwa fahari. "Wewe nenda kazini!"

Tangu siku hiyo kazi yetu ya asubuhi imebadilika. Miguu yote miwili inaoga maji ya vuguvugu, inaguswa kwa kanga, inapakwa mafuta ikiwa bado na maji, inavaa soksi, na kabla soksi ya pili haijapanda ni lazima niwe nimetoa tusi. Bibi anayasahihisha kama Baba anavyosahihisha imla. Jumamosi nilimwambia kwamba akikoroma Tevin anadhani ni gari la kuondoa theluji, akasema hilo ni zuri. Jana nilimwambia ni mzee kuliko Buffalo, akasema hilo ni la Mzee Protasi, nitafute langu. Baba naye alitaka kujaribu. Alisimama mbele yake, akakohoa, akasema, "Mama, leo... leo umechelewa kidogo kuamka," kisha akalazimika kukaa. Bibi alimwonea huruma, akampa chai.

Najua ungetaka kuuliza kama atabaki. Mimi pia ningependa kujua. Anasema shindano limevunjwa kwa sababu mchezaji mmoja alidanganya, na mwamuzi alikuwa ni huyo huyo. Anasema Baba Mkubwa akifika Jumamosi ya tarehe ishirini na nane, atamwambia ama azime gari ama aliache likinguruma, na yeye mwenyewe hajui atasema lipi. Lakini jana, baada ya misa, alitoa kitenge kimoja kwenye sanduku akakitundika kwenye kabati letu. Si vyote. Kimoja.

Tatizo ni kwamba naishiwa na utani. Leo asubuhi nilikosa cha kusema, nikamwambia tena kuhusu kuku. Bibi akahema. "Bisogo hatayarishi," alisema. "Bisogo anafungua mdomo tu, maana anajua la mbuzi wa padri." Nikauliza mbuzi gani, padri yupi. Akajibu kwamba hayo yalitokea Uvira, na wewe, Shangazi, ulikuwepo, ulikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka, na kwamba hatanieleza hata nikimpaka mafuta mpaka Pasaka. Alipokuwa anasema hivyo alikuwa anajizuia kucheka, na pua yake ilikuwa inang'aa.

Na wewe, Shangazi, ijali mikono yako. Mama Mirindi anasema boksi hunyonya mafuta ya ngozi kama karatasi inavyonyonya wino. Paka kabla ya kuvaa glavu, mikono ikiwa na maji bado, na usiogee maji ya moto hata mgongo ukikuomba. Ukipita tena lile duka la barabara ya Morse, tutumie kopo jingine, ila safari hii tafadhali andika juu yake kwa kalamu nene.

Nisalimie Baba Marcellin, na Karoli, umwambie kikohozi hakimsaidii, nilikitumia kabla yake. Mama anakusalimu, na Yonasi anakusalimu kwa mguu wake, ndio aliouinua nilipomtajia jina lako. Mungu aifunike nyumba yenu kwa joto, na barabara zenu azitie chumvi.

Barua hii itakufikia Alhamisi au Ijumaa. Nakuomba ukae siku hiyo hiyo uniandikie, na bahasha uniandikie mimi, si Bibi, ili jibu liwe mkononi mwangu kabla gari la Baba Mkubwa halijaingia mtaani. Usinifiche kitu, hata kama ni aibu, hasa kama ni aibu: kule Uvira, Bibi alimfanya nini mbuzi wa padri?

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Agata